Kumbukumbu Ipo, Ila Haijakaa Pamoja: Kupata Fungu Kubwa Ndani ya Kerneli ya Linux

Saa mbili asubuhi mwenye ghala wa Masindi alinipigia simu: "Fundi, hii kamera yako imelala tena." Kamera hiyo huhesabu magunia ya mahindi yanayopita mlangoni, na imefungwa kwenye kompyuta ndogo ya ubao mmoja yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1. Usiku kamera hujizima ili kubana betri ya sola, huku kompyuta ikiendelea kufanya kazi. Asubuhi kamera inatakiwa iamke yenyewe. Siku za mwanzo iliamka vizuri, kisha ikaanza kugoma. Ukizima kompyuta nzima na kuiwasha upya, inapona kwa siku kadhaa.

Nikiwa Kampala, niliingia kwenye mashine na kukuta haya kwenye logi:

page allocation failure: order:10

Ukikutana na mstari huo, pita njia hii. Mifano yangu ni ya mashine yenye kurasa za kilobaiti 4.

Hatua ya 1: Soma hiyo namba ya oda

Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, hugawa kumbukumbu kwa kurasa, na mgawaji wake mkuu hupanga kurasa hizo katika mafungu ya vipeo vya mbili: 1, 2, 4, 8, na kuendelea. Oda 0 ni ukurasa mmoja. Oda 10 ni kurasa 1024, yaani megabaiti 4, na kwa kawaida hapo ndipo mwisho wake.

Picha moja ya kamera yangu ni pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli baiti 2. Jumla ni baiti 4,147,200. Gawanya kwa 4096 upate 1012 na nusu, kwa hiyo unahitaji kurasa 1013. Fungu la 1013 halipo, basi kerneli inapanda hadi 1024. Kumbe kila asubuhi nilikuwa naomba fungu kubwa kuliko yote, tena kwenye mashine iliyokwisha kukaa macho wiki nzima.

Hatua ya 2: Tazama kilichobaki, na kimebaki vipi

cat /proc/buddyinfo

Node 0, zone Normal 4381 2210 873 191 34 5 1 0 0 0 0

Namba ya kwanza ni mafungu huru ya oda 0, ya pili oda 1, hadi ya mwisho, oda 10. Zidisha na kujumlisha: megabaiti 57 hivi ziko huru. Lakini namba nne za mwisho ni sifuri, na fungu kubwa kuliko yote ni moja la oda 6, kilobaiti 256 tu. Amri ya `free -m` ingekuambia mambo ni shwari, ndiyo maana siianzi kwa tatizo la namna hii.

Mwenye ghala nilipomweleza alinielewa kabla sijamaliza. Nafasi ya magunia mia mbili anayo, ila moja huku, matatu kule. Lori likileta shehena ya mteja mmoja inayotakiwa kupangwa pamoja, pa kuiweka hapana.

Unaweza kuiamuru kerneli isogeze kurasa:

echo 1 | sudo tee /proc/sys/vm/compact_memory

Soma buddyinfo tena. Huenda namba za kulia zikapanda kidogo. Hiyo ni panadol tu. Kurasa za programu za kawaida husogezeka, lakini nyingi za zile ambazo kerneli imejichukulia yenyewe hazisogei, na ukurasa mmoja wa aina hiyo ukikaa katikati, umeharibu fungu zima.

Hatua ya 3: Je, ni lazima ziwe pamoja?

Kama data itasomwa na prosesa peke yake, tumia `vmalloc`: anwani pepe, yaani zile ambazo programu inaziona, zitafuatana hata kurasa zenyewe zikiwa zimetawanyika. Kama kifaa kinakubali orodha ya vipande, au kuna IOMMU (kitafsiri anwani kinachofanya kurasa zilizotawanyika zionekane na kifaa kama zinafuatana) kati yake na kumbukumbu, nenda na hiyo ukapumzike. Kamera yangu haijui lolote kati ya haya. Inapewa anwani ya kuanzia, inaandika mfululizo mpaka mwisho wa picha.

Hatua ya 4: Tenga eneo tangu mashine inapowaka

Hapa ndipo CMA (Contiguous Memory Allocator), sehemu ya kerneli inayotenga eneo la mafungu makubwa, inapoingia. Imo kwenye Linux tangu toleo la 3.5, mwaka 2012. Angalia kama unayo:

grep Cma /proc/meminfo

Usipopata jibu, kerneli yako ilijengwa bila CMA: washa CONFIG_CMA na CONFIG_DMA_CMA, ujenge upya. Kisha ongeza `cma=64M` kwenye vigezo vya kuwashia. Kwenye Raspberry Pi vigezo hivyo vimo ndani ya cmdline.txt, na vyote vinakaa mstari mmoja. Mimi niliwahi kuukata kwa bahati mbaya, nikapanda basi kwenda kuuunganisha. Ukishawasha upya, hakikisha kwa `dmesg | grep -i cma`.

Megabaiti 64 hazilali bure. Mwenye ghala ana kona ya shehena kubwa. Magunia ya rejareja huruhusiwa kulala pale kwa sharti kwamba yataondoka lori likifika. CMA nayo huweka pale kurasa zinazosogezeka tu, na draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, ikiomba, inazihamisha. Ikishindwa kwa kosa -16, kuna ukurasa ulioshikwa na mtu na hauhamishiki wakati huo. Kosa -12 ni nafasi kukosekana.

Hatua ya 5: Omba mara moja, usiachie

Hapa kosa lilikuwa langu. Draiva niliyoandika iliachia bafa zote nne (mafungu ya kumbukumbu ya kuwekea picha) kila kamera ilipozimwa, halafu ikaziomba upya alfajiri. Ombi nikalihamishia kwenye `probe`, sehemu ya draiva ambayo kerneli huiita inapokiunganisha kifaa, linapofanyika mara moja tu:

ret = dma_set_mask_and_coherent(dev, DMA_BIT_MASK(32));
if (ret)
    return ret;
bafa = dma_alloc_coherent(dev, ukubwa, &anwani, GFP_KERNEL);
if (!bafa)
    return -ENOMEM;

Prosesa inatumia `bafa`, kifaa kinapewa `anwani`. Usijaribu kukokotoa moja kutoka kwa nyingine. Kamera ikilala, bafa zinabaki; ni megabaiti 16 hivi, na nimekubali kuzilipia.

Hatua ya 6: Jaribu mashine ikiwa imechoka

Mashine iliyotoka kuwashwa itakudanganya. Nakili mafaili makubwa, jenga kerneli humohumo, iache usiku kucha, ndipo uzime na kuwasha kamera mara mia mbili kwa kitanzi cha skripti. Yangu ilipomaliza nilisoma buddyinfo: sifuri nne bado zipo upande wa kulia, na kamera ilikuwa inahesabu.