Kumchagulia chuo mwanafunzi wa Kiyahudi mwenye alama za wastani: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa familia yenye kijana Myahudi anayemaliza sekondari Marekani akiwa na wastani wa karibu 3.0 kwenye kipimo cha 4.0. Mimi ni mshauri wa wanafunzi katika shule ya sekondari huko New Jersey. Msimu huu nimemsaidia kijana ambaye wazazi wake walikulia Nairobi, katika jumuiya ambayo imekuwa na sinagogi mjini tangu miaka ya 1910. Mama yake aliniomba niyaandike kwa Kiswahili yale tuliyoyafanya, kwa kuwa ana ndugu huko nyumbani ambao watoto wao watapita njia hiyohiyo.

Msimamo wangu nausema mapema. Vyuo vizuri vinavyopokea wanafunzi wa B, yaani wenye wastani wa karibu 3.0, ni vingi mno, kwa hiyo swali gumu halihusu nani atamkubali. Swali gumu ni wapi ataweza kuishi kama Myahudi kwa miaka minne bila kupigania kila mlo na kila sikukuu. Mambo yote yaliyo hapa chini yamepangwa kufuata swali hilo.

Hatua ya 1: Kijana mwenyewe aseme anaishije dini yake

Mkalishe mezani na umuulize yeye, si babu. Je, anakula kosheri tu (chakula kinachofuata sheria za dini ya Kiyahudi), au anaepuka nguruwe, kamba na kaa basi? Siku ya Shabati, kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku, anagusa simu na umeme au hagusi? Anahitaji watu kumi wa kusali nao kila asubuhi, au anatosheka na chakula cha Ijumaa jioni pamoja na wenzake? Ni wa mkondo gani: Orthodox (wanaoshika sheria zote za dini), Conservative (wa katikati), Reform (wenye uhuru zaidi), au hajali jina?

Andikeni majibu. Mwanafunzi wa Orthodox na mwanafunzi wa Reform wenye alama sawasawa watapata orodha mbili tofauti kabisa za vyuo.

Hatua ya 2: Hesabuni alama upya

Ukipuuza jambo hili litakurudia Novemba, mnapotuma maombi. Shule nyingi za Kiyahudi hufundisha mitaala miwili kwa siku moja: nusu Torati, Talmud (mkusanyo wa sheria na mijadala ya marabi) na Kiebrania, nusu hisabati, sayansi na Kiingereza. Wastani ulioandikwa kwenye cheti huchanganya vyote. Vyuo vingi huchukua cheti na kuhesabu upya kwa kutumia masomo ya msingi peke yake. Kijana aliyepata A katika Talmud na C katika kemia anaweza kuwa na 3.3 kwenye karatasi ya shule na chini ya 3.0 kwenye kompyuta ya chuo. Kwa kawaida Kiebrania huhesabiwa kama lugha ya kigeni, kwa hiyo kibakizeni.

Arizona State hutaja masharti yake waziwazi: njia mojawapo ya kukubaliwa ni wastani wa 3.00 katika kozi 16 za msingi. Chukua cheti, zitafute kozi hizo 16, piga hesabu kwa kalamu. Namba hiyo ndiyo mtakayoitumia kuanzia hapa.

Hatua ya 3: Someni Common Data Set, orodha za ubora ziwekeni kando

Vyuo vingi Marekani hujaza kila mwaka hati moja yenye muundo uleule, iitwayo Common Data Set. Andika jina la chuo na maneno hayo kwenye Google, fungua PDF, nenda moja kwa moja sehemu ya C. C1 inaonyesha walioomba na waliokubaliwa. C7 inaonyesha chuo kinatilia uzito nini: alama, insha, mahojiano. C11 inaonyesha asilimia ya wanafunzi wapya kwa makundi ya wastani, mfano 3.00 hadi 3.24, kisha 2.50 hadi 2.99. Kijana wako akiwa na 3.0 na kundi lake lina watu wachache mno, chuo hicho ni cha kubahatisha, hata kama brosha inatabasamu.

Sipendi kabisa zile programu za mtandaoni zinazodai kukokotoa nafasi yako ya kukubaliwa. Hazijui kijana wako alisoma mitaala miwili. Orodha za vyuo bora nazo hazina hata safu moja inayokwambia kama kuna jiko la kosheri.

Babu akisisitiza majina makubwa, msikilizeni kwa heshima, maana ana sababu. Mwaka 1922 rais wa Harvard, A. Lawrence Lowell, alipendekeza waziwazi kuweka kikomo kwa idadi ya Wayahudi, na vyuo kadhaa vya aina hiyo vilianza kuuliza kuhusu "tabia", picha na mahali mtu anakotoka ili kuwapunguza kimyakimya. Brandeis, chuo kilichodhaminiwa na Wayahudi, ilianzishwa mwaka 1948 huku kumbukumbu hiyo ikiwa bado mbichi. Kizazi kile kilijifunza kwamba mlango uliofungwa ndio wa kugongwa. Mjukuu mwenye 3.0 leo ana milango mingi iliyo wazi, naye anastahili kuingia bila kuambiwa kwamba amewaangusha wazee.

Hatua ya 4: Tengenezeni orodha fupi

Anzeni na mwongozo wa vyuo wa Hillel, shirika la wanafunzi wa Kiyahudi lililoanza mwaka 1923 katika Chuo Kikuu cha Illinois. Upo bure mtandaoni na unakadiria idadi ya Wayahudi katika kila chuo. Ni makadirio tu.

Majina ninayoanza nayo kwa mwanafunzi wa B: Indiana University huko Bloomington, University of Arizona huko Tucson, Arizona State, na Michigan State. Vyote ni vya umma, vikubwa, hukubali sehemu kubwa ya wanaoomba, na vina Hillel. Kwa anayetaka chuo kidogo, Goucher karibu na Baltimore, na Muhlenberg huko Allentown, Pennsylvania. Muhlenberg ina uhusiano wa kihistoria na Walutheri, na bado ina jiko la kosheri ndani ya ukumbi uleule wanaokula wanafunzi wote. Kwa hiyo usikifute chuo kwa sababu ya jina la kanisa.

Kwa Orthodox, Queens College na Brooklyn College za CUNY, yaani mfumo wa vyuo vya umma vya jiji la New York, ndizo ninazozipenda kuliko zote. Kew Gardens Hills imepakana na Queens College, na Midwood imeizunguka Brooklyn College. Hiyo ni mitaa yenye masinagogi, mabucha na maduka ya mikate ya kosheri kila kona, na mwanafunzi anaweza kulala nyumbani. Yeshiva University na Touro nazo ziko New York, na huko kalenda yote ya masomo imejengwa juu ya sikukuu za Kiyahudi.

University of Maryland, University of Florida na Binghamton zina Wayahudi wengi sana, ila kwa 3.0 ni ngumu kuingia moja kwa moja. Kuna mlango wa pembeni: miaka miwili katika chuo cha jamii, kisha kuhamia. Montgomery College ina makubaliano ya namna hiyo na Maryland. Ada inapungua mno, na shahada ya mwisho ni ileile.

Hatua ya 5: Hakikisheni maisha ya Kiyahudi kwa maswali, msitegemee namba

Hapa ndipo tulipotumia muda mrefu kuliko hatua nyingine zote zikijumlishwa, na ndipo ninapowasihi msiharakishe.

Chuo chenye Wayahudi elfu nne kinaweza kukosa sehemu hata moja ya kupata mlo wa moto wa kosheri siku ya Jumanne. Chuo chenye mia tatu kinaweza kuwa na jiko zuri na meza inayojaa kila Ijumaa. Namba haikwambii.

Tuanze na chakula. Tovuti ikisema "kosheri inapatikana", hujajua kitu. Chuo kimoja kilituambia hivyo, na tulipouliza zaidi tukagundua ni boksi lililogandishwa linalopashwa moto kwenye mikrowevu, tena uliombe siku moja kabla. Ulizeni: kuna jiko la nyama na jiko la maziwa yaliyotenganishwa? Kuna msimamizi wa kidini anayesimama jikoni, na anatambuliwa na taasisi gani? Mlo ni wa mara ngapi kwa siku, na siku ngapi kwa wiki? Uko ndani ya mpango wa kawaida wa chakula au unalipiwa zaidi? Swali hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu baadhi ya vyuo humlazimisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anunue mpango wa chakula. Mtoto asiyeweza kula kwenye ukumbi mkuu anajikuta analipa mara mbili. Ombeni msamaha wa kulipa mpango huo kwa sababu za kidini, na jibu liwe kwa maandishi.

Halafu Pasaka ya Kiyahudi. Siku nane bila mkate wala kitu chochote chenye chachu, na jiko lazima lisafishwe upya kwa ajili yake. Jiko la kosheri la mwaka mzima si lazima liwe tayari kwa Pasaka. Mwaka 2027 inaanza jioni ya Aprili 21, muhula ukielekea ukingoni katika vyuo vingi. Ulizeni nani anapika siku hizo.

Shabati ina maswali yake. Mabweni mengi hufunguliwa kwa kadi za umeme, na anayeshika Shabati hawezi kuitumia. Ofisi ya makazi ikijulishwa mapema mara nyingi hutoa ufunguo wa kawaida au chumba cha ghorofa ya chini. Ulizeni pia kama chuo kimo ndani ya eruv, yaani mpaka unaowekwa kuzunguka eneo ili mtu aruhusiwe kubeba vitu siku hiyo. Bila mpaka huo, mwanafunzi wa Orthodox hawezi kubeba hata kitabu cha sala mfukoni kwenda sinagogi.

Kalenda nayo. Mwaka 2026 Rosh Hashana (mwaka mpya wa Kiyahudi) inaanza jioni ya Septemba 11, Yom Kippur (siku ya toba na mfungo) jioni ya Septemba 20, Sikukuu ya Vibanda jioni ya Septemba 25. Mwanafunzi anayeshika zote atakosa madarasa kadhaa katika wiki ambazo wenzake wanazoeana na walimu. Jimbo la New York lina kifungu cha 224-a cha sheria ya elimu, kinachompa mwanafunzi haki ya kufanya baadaye mtihani au kazi aliyoikosa kwa sababu ya dini. Majimbo mengine yanatofautiana, kwa hiyo someni sera ya chuo chenyewe, kisha muulizeni mwanafunzi kama walimu wanaifuata. Kwa vyuo vinavyogawa mwaka kwa robo badala ya mihula miwili, angalieni pia Shavuot, sikukuu ya kupokea Torati, maana inaweza kugongana na mitihani ya mwisho.

Nani wa kuuliza? Pigeni simu, barua pepe hujibiwa kwa maneno ya brosha. Mpigieni mkurugenzi wa Hillel na mumwombe awaunganishe na wanafunzi wawili wa mwaka wa pili. Wa mwaka wa kwanza bado wana furaha ya kufika, na wa mwaka wa nne wamesahau jinsi mwanzo ulivyokuwa. Kisha mpigieni rabi wa Chabad, harakati ya Wayahudi wa Hasidi inayofungua nyumba za kuwakaribisha wanafunzi, kama yupo. Harakati hiyo imekuwa na nyumba vyuoni tangu ile ya kwanza pale UCLA mwaka 1969, na mke wa rabi ndiye anayejua nani anakula wapi. Kwa Orthodox, ulizeni kama OU-JLIC, mpango wa Orthodox Union unaopeleka marabi na wake zao vyuoni, wameweka familia chuoni hapo.

Sasa usalama. Tangu shambulio la Hamas dhidi ya Israeli la Oktoba 7, 2023, kila mzazi Myahudi ananiuliza hili kabla ya ada, na ana haki. ADL, shirika la Marekani linalopinga chuki dhidi ya Wayahudi, hutoa alama za vyuo kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi. Zisomeni, lakini zisiwe neno la mwisho. Nawaagiza wazazi waulize mambo matatu. Mwanafunzi akivuliwa kippah (kofia ndogo ya Kiyahudi) au kutukanwa, anaripoti wapi? Aliyeripoti mara ya mwisho alijibiwa na nani, na baada ya muda gani? Wewe mwenyewe unavaa nyota ya Daudi ukienda darasani? Jibu la swali la tatu, likitoka kwa msichana wa miaka 19, lina uzito kuliko taarifa yoyote ya rais wa chuo. Sheria ipo upande wenu pia: Title VI ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 hutumika pale Wayahudi wanapobaguliwa kwa asili yao, na malalamiko hupelekwa wizara ya elimu.

Nendeni Ijumaa, kama nauli ipo. Hesabuni watu mezani, muangalie kama kuna aliyemsogelea mtoto wenu bila kuombwa.

Hatua ya 6: Pesa

Jazeni mapema FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu. Kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kwa wanafunzi wapya lazima kiwe na kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake; tumieni hicho, si bei iliyotangazwa. Kisha tafuteni mikopo ya Kiyahudi isiyo na riba. Hebrew Free Loan Society ya New York ipo tangu 1892, na JELF (Jewish Educational Loan Fund) huko Atlanta huhudumia wakazi wa majimbo matano ya kusini-mashariki, Florida na Georgia yakiwemo. Wazazi wengi hawajawahi kuyasikia majina haya.

Anayetoka Kenya au Uganda bila uraia wa Marekani wala kadi ya kijani kwa kawaida hapati msaada wa FAFSA. Aanze na vyuo vyenye ufadhili kwa wageni, na aombe jibu kuhusu fedha kabla ya kulipia viza.

Hatua ya 7: Tumeni maombi

Tumieni Common App, fomu moja ya mtandaoni inayokubaliwa na vyuo vingi, kabla ya Novemba 1 pale penye awamu ya mapema isiyomfunga mwanafunzi kwenda chuo hicho. Early decision, ambayo akikubaliwa lazima aende, siipendekezi kwa mtoto huyu. Mnahitaji kulinganisha bei. Mwisho wa kuamua kwa kawaida ni Mei 1. Wiki ileile mnapolipa amana, andikieni ofisi ya makazi kuhusu ufunguo wa Shabati na ofisi ya chakula kuhusu mpango wa kosheri, kwa sababu vyumba vya chini huisha haraka.