Corolla ya kabureta inasita ukikanyaga mafuta: anza kwa umeme, kabureta baadaye

Injini ya 4K ya Corolla KE70 inawaka vizuri na silensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia, lakini ukikanyaga mafuta ili uondoke inazubaa kwanza, ndipo inavuta. Wengi hukimbilia kabureta. Iache kwanza. Lawama nyingi zinazobebeshwa kabureta ni za distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, na kabureta iliyofunguliwa bila sababu hurudi na ugonjwa mpya.

Andaa fila geji (vibamba vya kupimia mwanya), tochi, bisibisi bapa, spana ya 10 na ya 12, na chupa ya kunyunyizia maji.

Hatua ya 1: Jua inasita wakati gani

Pasha injini mpaka joto la kawaida. Kwenye barabara tupu, gia ya tatu, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kanyaga mafuta taratibu. Rudia, safari hii kwa ghafla. Ikisita kwa ghafla tu, mshukiwa wa kwanza ni pampu ya eksileta iliyo ndani ya kabureta. Ikisita hata ukikanyaga polepole, fikiria taimingi (wakati cheche inapopiga), hewa inayopenya pasipo njia yake, au jeti (tundu la kupimia petroli) iliyoziba. Ile inayoondoka vizuri kisha ikafa katikati ya mlima ina njaa ya petroli: angalia filta na pampu ya mafuta, huna haja ya kuendelea na mwongozo huu.

Sasa vuta choki, kilango cha juu kinachopunguza hewa, kidogo ujaribu tena. Ikipata nafuu, petroli inayofika ni ndogo. Ikizidi kuharibika, petroli ni nyingi mno au cheche ni dhaifu. Kumbuka pia ulipo: gari lililosetiwa Mombasa likipanda Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hukuta hewa nyepesi, na kwa jeti zilezile mchanganyiko unakuwa mzito. Plagi zikitoka na masizi meusi makavu, usiongeze petroli.

Hatua ya 2: Distributa

Fungua kifuniko. Zungusha injini mpaka mguu wa pointi, vile vidomo vinavyokata na kuunga umeme, upande kwenye ncha ya kona ya shafti, kisha pima mwanya wake: 0.45 mm. Pointi zilizoungua au zenye kishimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili badilisha pamoja na kondensa. Mwanya ukipungua taimingi inachelewa, ndiyo maana pointi husetiwa kabla ya taimingi, kamwe si baada yake. Mwanya wa plagi uwe 0.8 mm.

Chomoa mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa) unaotoka kwenye kabureta kwenda distributa, uunyonye kwa mdomo ukitazama bamba la pointi. Bamba lizunguke kidogo na libaki hapo ukiziba mpira kwa ulimi. Likirudi lenyewe, kiwambo kilicho ndani ya kikopo cha vakyumu kimechanika.

Wakati bamba linazunguka, tazama nyaya mbili fupi za ndani: ule wa pointi na ule wa kuunganisha bamba na mwili. Hujikunja kila unapokanyaga mafuta, na baada ya miaka nyuzi zake hukatika ndani ya ganda huku nje ukionekana mzima. Injini inakata umeme kwa nukta moja bamba likisogea, na fundi anauza kabureta mpya. Vuta kila waya kwa vidole. Ukinyooka kama mpira, umekufa.

Mwisho, zungusha rota (kidole kilicho juu ya shafti ya distributa) kwa mkono kuelekea upande wake wa kawaida na uiachie. Irudi yenyewe. Isiporudi, uzito na springi za chini zinazosogeza taimingi zimekwama kwa uchafu.

Hatua ya 3: Hewa isiyopita kwenye kabureta

Injini ikiwa silensa, nyunyizia maji kidogo kwenye gasketi ya chini ya kabureta, gasketi ya manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye injini) na mpira wa busta ya breki. Mlio ukibadilika, hapo panapenya hewa. Mafundi wengi hutumia dawa ya kusafishia kabureta, lakini kwenye 4K manifoldi ya hewa na ya ekzosi ziko upande mmoja, na dawa hiyo inashika moto.

Hatua ya 4: Pampu ya eksileta

Ukifungua kilango cha chini, kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kwa ghafla, hewa hukimbilia ndani papo hapo, lakini petroli ni nzito, huchelewa. Pampu hii inaziba pengo hilo kwa kutema petroli moja kwa moja.

Zima injini, toa filta ya hewa, fungua choki, mulika tochi kooni. Vuta mkono wa mafuta. Mshipa wa petroli utoke mara tu mkono unapoanza kusogea, uwe mnyoofu na wenye nguvu.

Usipotoka kabisa, tazama kwanza kioo cha mbele cha kabureta: petroli inapaswa kufika kwenye alama ya kati. Kama ipo, tundu la kutemea limeziba au kikombe cha pistoni kimekauka. Ukichelewa, fimbo ya pampu ina mchezo au gololi ya chini haizibi, hivyo petroli inarudi kwenye bakuli badala ya kupanda. Ukitoka dhaifu, kikombe kimelika.

Kikombe cha ngozi kilichokauka tu kiloweke kwenye oili usiku kucha na utanue kingo zake kwa vidole. Cha mpira badilisha. Tundu la kutemea lipulize kwa hewa au lipitishe uzi mmoja wa waya wa shaba. Waya wa chuma hupanua tundu, na hakuna kurudi nyuma. Kabla ya kugeuza kabureta piga picha: gololi ni mbili, hazilingani, na hudondoka. Mchezo wa fimbo unaondolewa kwa kuikunja kidogo kidogo, huku ukijaribu tena.

Mshipa ukiwa mzuri na gari bado linasita, shika shafti ya kilango cha chini na uitikise. Ikicheza, hewa inaingia pembeni mwake, na hapo ni kazi ya mtu wa leti (mashine ya kuchonga chuma) kuweka bushi.