Ukiijua "sub" tu, maneno kibao ya Kiingereza yanafunguka

Wenzangu mnaosomea kutembeza wageni hapa Unguja, msikariri dikshenari neno kwa neno kama tulivyozoeshwa skuli, mtachoka bure, shikeni kile kipande cha mbele. Tuanze na sub, imetoka Kilatini, maana yake chini. Submarine ni nyambizi, inakwenda chini ya bahari. Subtitle yale maandishi ya chini ya filamu, hiyo rahisi. Subscribe asili yake kuandika chini, yaani kutia saini chini ya karatasi, ndo ikaja kuwa kujiunga.

Sasa utamu wenyewe uko hapa. Sub ikikutana na p inageuka sup, ndo tukapata support, na hiyo port ni kubeba, ile ile ya transport, kwa hivyo support ni kubeba kwa chini. Kama ushaona mashua imepandishwa pwani inatiwa kalafati, ile miti inayoizuia isilale ubavu ndo support yenyewe, mie tangu niliunganishe hivyo sijalisahau tena hilo neno.

Chukua daftari, kila ukurasa kipande kimoja, andika maneno matano, kila neno lichoree kapicha hata kama kabaya, halafu litumie siku hiyo hiyo ukizungumza na mgeni au mwenzio. Ila usikisie yote jamani, submit siku hizi ni kuwasilisha kazi, hiyo "chini" yake haionekani haraka, hapo fungua dikshenari.