Somo: Kusanifu nyumba inayofuata mteremko, maji na jua la kiwanja chako

Somo hili linawahusu ndugu wenye viwanja vya mlimani au vya kando ya bonde, hali ambayo ni ya kawaida huku Uganda, katika miji kama Kampala, Mbale, Fort Portal na Kabale. Wengi hununua ramani iliyochorwa kwa ajili ya uwanja tambarare, kisha hukodi tingatinga ili mlima ukatwe ulingane na ramani. Ninawasihi muanze na kiwanja chenyewe, kwa sababu gharama nyingi zinazomsumbua mwenye nyumba baadaye, kuanzia ukungu ukutani hadi ukuta wa kuzuia udongo unaoegemea nje, huzaliwa siku ile tingatinga lilipoingia.

Hatua ya kwanza: yafuate maji. Kabla ya kuchora chochote, tembelea kiwanja wakati wa mvua kubwa, iwe ya Machi hadi Mei au ya Septemba hadi Novemba, uone maji yanaingilia wapi, yanatuama wapi na yanatokea kwa jirani gani. Weka vigingi kwenye njia hiyo, na nyumba isikae juu yake. Kama kiwanja kimegusa ziwa, mto au kinamasi, zingatia pia kanuni za mazingira za mwaka 2000, ambazo zinahifadhi ukanda wa mita 200 kandokando ya Ziwa Victoria, mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa humo, na mita 30 kwa mito mingine.

Hatua ya pili: pima mteremko. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, pamoja na vijiti viwili vyatosha kwa kipimo cha awali, kwa kuwa maji husimama usawa mmoja kwenye ncha zote mbili. Tuseme umekuta kwamba katika upana wa nyumba yako ardhi inashuka sentimita 120. Ukitaka sakafu moja, utakata sentimita 60 upande wa juu na kujaza 60 upande wa chini, na udongo uliojazwa ndio unaotitia na kupasua kuta. Ukiigawa nyumba katika sakafu mbili zinazopishana kwa sentimita 60, yaani ngazi nne za sentimita 15, kila sakafu itahitaji kukatwa sentimita 30 na kujazwa 30 tu. Sakafu ya sebule ikiwa chini kuliko ya vyumba vya kulala, hupati hasara yoyote. Unapata dari iliyo juu zaidi na hewa nzuri. Ubavu mrefu wa nyumba ulale sambamba na mlima, usiushuke.

Upande wa juu wa nyumba chimba mtaro wa kuyakinga maji na kuyazungusha, na kingo zake zipandwe vetiva, nyasi ambayo mizizi yake huenda chini sana na kuushika udongo.

Hatua ya tatu: panga jua. Sisi tuko kwenye ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Ushauri wa vitabu vya nchi za baridi, wa kufungua upande mmoja tu, hautufai. Madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini, na paa litokeze pande zote mbili: kwa sentimita 90 za paa, kivuli cha adhuhuri hushuka karibu mita 2 ukutani hata katika miezi hiyo. Mashariki na magharibi jua huja chini chini na paa halilizuii, hivyo weka huko stoo, bafu, baraza au mti.

Hatua ya nne: chagua ukuta. Matofali ya kuchoma hula kuni nyingi, na udongo wake mara nyingi huchimbwa kwenye vinamasi. Tofali la udongo wa changarawe nyekundu lililochanganywa na saruji kidogo, likashindiliwa kwa mashine ya mkono na kutunzwa kivulini likiwa na unyevu, halihitaji moto wowote. Atakayeudharau udongo aende Entebbe, akaione hospitali ya upasuaji wa watoto iliyosanifiwa na Renzo Piano na kufunguliwa mwaka 2021: kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa.

Hatua ya tano: vuna mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 40, hupokea lita 4,000. Usipoyapokea maji hayo kwa tanki, yatauchimba msingi.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kabale:* Mwalimu, mlima wangu unatazama magharibi. Nikiulaza ubavu sambamba na mlima, madirisha yatatazama jua la jioni. Nifuate lipi?

*Jibu:* Fuata mlima, ndugu yangu. Jua hurekebishwa kwa baraza na miti, ilhali udongo uliokatwa vibaya haurudi. Tena Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya bahari na usiku wake ni wa baridi. Ukuta mnene uliopata jua la jioni utawapasha joto hadi usiku.

*Kutoka Luweero:* Nimekwisha kununua matofali ya kuchoma. Niyatupe?

*Jibu:* Hapana, mama, yatumie yote, kwani kuni zake zimekwisha kuungua. Uzio na jiko la nje ndivyo ujenge kwa tofali la kushindilia, ukiepuka udongo mweusi wa bondeni, maana huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka.

*Kutoka Bulambuli:* Tunaishi kwenye mteremko mkali wa Mlima Elgon. Je, ngazi na vetiva zatosha kutulinda?

*Jibu:* Hazitoshi. Maporomoko ya Bududa ya Machi 2010 na ya kwenu ya Novemba 2024 yalizoa mlima pamoja na nyumba zilizokuwa juu yake, na hakuna msingi wa kawaida unaozuia hilo. Mkiona nyufa ardhini juu ya nyumba, miti iliyoanza kuinama au chemchemi mpya, hameni kabla ya mvua na mwiteni mtaalamu wa miamba. Kiwanja cha namna hiyo kipandwe miti, na nyumba ijengwe kwingine.