Tanga gani utweke kabla mlingoti haujalia

Mlingoti wa mashua yangu ulipasuka siku ya kusi, tumetweka tanga kubwa la kaskazi, upepo ulio pole zaidi. Kabari, vipande vya mti vinavyoukaza mlingoti, zilikuwa zikilia tangu tunatoka, nami nikasema tutafika tu. Siku hizi nafuata hatua hizi.

1. Kadiria upepo. Nguvu yake hukua kwa mraba wa mwendo: noti 10 (maili za baharini kwa saa) zikiwa 20, tanga lilelile husukumwa mara nne. Hesabu ya kichwani: noti 10 ni kama kilo 2 kwa kila mita ya mraba, noti 20, kilo 8.

2. Zidisha kwa kimo, upate mzigo unaoupinda mlingoti. Tanga kubwa ni mita za mraba 20, na katikati yake iko mita 4 juu ya boriti inayoshika mlingoti. Kwa noti 20 ni kilo 160 mara 4, yaani 640. Tanga dogo ni mita za mraba 12, katikati yake mita 3: kilo 96 mara 3, yaani 288. Nguo haijapungua hata nusu, ila mlingoti umepumzika zaidi ya nusu, kwa kuwa tanga dogo hukaa chini. Litweke na foromali yake fupi, ule mti unaobeba tanga. Ile ndefu ni uzito wa bure huko juu.

3. Hesabu farumi (uzito wa kutuliza chombo) na watu. Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Chombo kikilala, tanga humwaga upepo. Ukijaza magunia ya mchanga na kutokeza ubao wenye watu wanne upande wa joshi, unakotoka upepo, chombo husimama wima, na nguvu ambayo ingekilaza inauangukia mlingoti. Kwa hiyo watu wakiongezeka, usiongeze tanga.

4. Angalia nguo. Marekani, nguo ya pamba, hunyumbuka kidogo dhoruba ikipiga. Poliesta hainyumbuki sana. Pigo lote hupanda kwenye henza, kamba nene ya kupandishia foromali.

5. Funga jarari, kamba inayovuta henza, nyuma, upande wa joshi, iushike mlingoti. Ukibisha, yaani ukigeuza chombo upepo uje upande wa pili, ihamishe kabla tanga halijajaa.

6. Ukishatoka, weka kiganja kwenye mlingoti, juu kidogo ya boriti. Kutetemeka si neno. Kabari zikianza kulia, legeza demani, kamba ya kuvutia tanga, hapo hapo, kisha shusha, ubadilishe tanga. Abiria watanung'unika.