Kukausha Dangshen: Acheni Kuifukiza kwa Salfa

Kila mwezi wa Oktoba, majani ya dangshen, mmea ambao mzizi wake hutumika katika tiba ya Kichina, yanapokuwa ya manjano na mizizi inapochimbuliwa katika wilaya za Weiyuan na Longxi, jimboni Gansu nchini China, kosa lile lile hurudiwa. Mkulima aliyetunza miche kitaluni mwaka mmoja na kuilea shambani mwaka mwingine huirundika mizizi mibichi ndani ya chumba, huifukiza kwa moshi wa salfa usiku mmoja, na asubuhi huiona myeupe, isiyo na ukungu, akaamini kazi imekwisha. Kumbe kazi ya miaka miwili ameiharibu kwa usiku mmoja.

Kitabu rasmi cha viwango vya dawa cha China, katika toleo lake la 2020, hakikuruhusu mabaki ya dioksidi ya salfa, gesi itokanayo na salfa inayoungua, kuzidi miligramu 400 katika kilo moja ya dangshen. Mkulima anayefukiza kwa kukisia, bila mizani wala kipimo, hana njia ya kujua kama amevuka kiwango hicho, na mnunuzi atakapopima mzigo, hasara itakuwa ya mkulima peke yake. Tena moshi huo hufanya mzizi uonekane mkavu ilhali ndani ungali na maji, wakati kiwango cha unyevu kinachokubalika hakizidi asilimia 16. Mzizi huu hupewa watu wasio na hamu ya chakula, wenye kuharisha mara kwa mara na waliopungukiwa nguvu. Kumpelekea mtu wa namna hiyo mzizi wenye harufu kali na ladha ya uchachu ni jambo ambalo hatupaswi kulivumilia.

Njia sahihi inahitaji mikono na subira. Baada ya kuosha udongo, panga mizizi kwa unene, kwa sababu mwembamba na mnene haikauki kwa kasi moja, kisha ianike juani hadi ifikie ukavu wa sehemu tatu au nne kati ya kumi. Kipimo chake ni kidole: zungusha mzizi kwenye kidole cha shahada, na ukijipinda bila kukatika, wakati wa kuusugua umefika. Ukikatika, bado una maji mengi; rudisha juani. Shika mizizi kiasi cha kujaza mkono, ilaze juu ya ubao na uiviringishe kwa viganja ukifuata urefu wake, hadi gome lishikamane na nyama ya ndani. Ncha zikiwa zimekauka mno, zichovye kwenye maji kidogo kwanza, la sivyo zitavunjika. Anika tena, sugua tena, mara tatu au nne.

Hapa wengi hukosea kwa upande wa pili, na nimewaonya zaidi ya mara moja: kusugua kupita kiasi au kwa nguvu nyingi huufanya mzizi utoe mafuta, ubadilike rangi na upoteze thamani. Mara nne zinatosha. Vilevile, kila baada ya kusugua, mizizi itandazwe nje penye hewa. Ukiirundika ndani usiku huo huo itapata joto na kuvunda, na hapo ndipo mtu hukimbilia salfa kuficha ukungu alioukaribisha mwenyewe. Mawingu yakitanda siku kadhaa, tumia moto mdogo, joto lisizidi nyuzi 60 za Selsiasi, na kipimajoto kining'inizwe kando ya mizizi yenyewe, si mlangoni.

Chimbeni pia kwa uangalifu. Mzizi uliojeruhiwa kwa jembe hutoa utomvu mweupe kama maziwa, utomvu huo hukauka ukawa doa jeusi, na hakuna usuguaji utakaoliondoa.

Mzizi uliokauka vizuri una rangi ya manjano iliyofifia, hupindika na una utamu.

Hifadhini mahali pakavu, penye baridi na hewa, juu ya vichanja vilivyoinuliwa kutoka sakafuni, kwa kuwa sukari iliyomo huwavutia wadudu. Fungueni magunia kila baada ya wiki mbili wakati wa mvua za Julai na Agosti, na mkikuta mzizi umelegea, uanikeni siku hiyo hiyo kabla ya jua kushuka.