Miji jirani ikitaka kushirikiana kiuchumi, ianzie kwenye hesabu

Kwa miaka sita nimekuwa katibu wa kamati ya pamoja ya manispaa mbili zinazopakana. Wanaoniuliza waanzie wapi huwaambia: hati ya makubaliano isubiri. Sisi tulianza nayo. Mameya walitia saini, picha zikapigwa, na mwezi haujaisha kila upande ulikuwa umemwahidi mwekezaji yuleyule msamaha wa kodi. Alibeba barua ya huku akaenda kubania bei kule.

Waketisheni kwanza waweka hazina na maofisa mipango miji, madiwani baadaye. Waorodheshe kinachovuka mpaka: wafanyakazi, malori, taka, maji. Sisi tulisimama barabara ya mpakani asubuhi mbili tukihesabu magari kwa kalamu na daftari. Daftari hilo liliwalainisha madiwani kuliko ripoti zote nilizowahi kuandika.

Kisha acheni kunyang'anyana. Mwaka 2019 majimbo ya Marekani ya Missouri na Kansas, yanayogawana eneo la Kansas City, yaliafikiana kutozivutia kwa misamaha kampuni zinazohama tu kutoka upande mmoja wa mpaka kwenda wa pili. Kwetu kifungu ni kifupi: kampuni ya kwa jirani ikibisha hodi, jirani apigiwe simu kabla ya ahadi yoyote kutolewa.

Penye ugomvi ni kwenye mapato. Someni mpango wa 1971 wa Minnesota, jimbo jingine la Marekani. Katika eneo la Minneapolis na Saint Paul, kila mji huingiza kwenye kapu moja asilimia 40 ya ongezeko la thamani ya majengo ya biashara na viwanda inayotozwa kodi, kisha kapu hugawanywa kwa kutazama idadi ya watu na uwezo wa kila mji. Angalieni neno "ongezeko". Mji haunyang'anywi ulichokuwa nacho tayari, unagawana kinachokuja. Mweka hazina wetu, mtu mgumu kweli, alilegea alipoliona neno hilo.

Mamlaka mpya yenye ofisi na magari? Bado. Chagueni kazi moja ndogo, mathalani fomu moja ya leseni inayokubalika pande zote mbili. Uenyekiti uzunguke kila mwaka, na muhtasari utiwe saini kabla watu hawajatoka chumbani.

Mwisho andikeni namna ya kujitoa: notisi ya mwaka mzima, na kazi iliyokwisha kuanza ilipiwe hadi ikamilike. Diwani aliyekibeza kifungu hicho kwetu ndiye aliyekuja kuniomba nakala yake baada ya uchaguzi.